Hii Redio ya Pikapu Imewakosea Nini?

Jamani, mwenye pikapu ya zamani hakosi washauri. Anapanda mtu ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, anabamiza mlango, maana haufungi vinginevyo, kisha anaitazama redio iliyokuja na gari, anatikisa kichwa kwa huruma na kuuliza, "Mzee, bado unatumia hii?"

Ndiyo, natumia. Nitumie ya nani?

Redio yenyewe ni ya kiwandani. Ina mlango wa kaseti, vitufe sita vya stesheni na kitufe kimoja cha kuzungusha. Ukikizungusha kulia sauti inapanda, kushoto inashuka. Hakuna menyu, hakuna kuulizwa uchague lugha. Mle ndani kulikuwa na kaseti iliyonasa tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Ilikuwa haitoki wala haiimbi, na mimi sikuwahi kuigombeza.

Ina kasoro moja ya kuzaliwa. Pikapu ilitengenezwa kwa soko la Japani, na redio za kule za miaka ile FM yake inaanzia MHz 76 inaishia 90. Sehemu kubwa ya dunia FM ni 87.5 hadi 108, kwa hiyo stesheni karibu zote ninazozitaka ziko juu, redio yangu haizifikii. Dawa yake ni kaboksi kadogo wanakokaita ekspanda. Kanachomekwa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kuyateremsha mawimbi mpaka redio iyadake. Kangu kanateremsha 18. Stesheni ya 98.1 mimi naipata kwenye 80.1. Ni hesabu ya kutoa tu, hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Lakini abiria! Mtangazaji akitamka "98.1", abiria anakodolea kioo macho, anaona 80.1, basi safari imeharibika. "Mzee, redio yako inadanganya." Nimeeleza habari za ekspanda mpaka mate yamenikauka. Siku hizi najibu tu kwamba ndiyo, inadanganya, na wewe ushikilie huo mlango usije ukafunguka.

Basi tuliishi hivyo kwa amani mpaka ilipoanza kukata sauti.

Ilikuwa inakata kwa makusudi, niamini mimi. Matangazo ya dawa ya mende inasoma yote mpaka mwisho. Sasa subiri mpira. "Anaingia ndani ya boksi, yuko peke yake, anapiga..." Tuta. Kimya. Unaendesha roho mkononi, unatafuta tuta jingine uligonge, ukilipata inazinduka: "...na mashabiki ndio hao wanatoka uwanjani." Nani kafunga? Haisemi. Abiria wakagundua kwamba ukiipiga dashibodi kofi inarudi, ikawa kila anayepanda anapiga kofi hata kama redio inaongea vizuri. Mtu hajanisalimia, keshapiga.

Halafu kuna jambo ambalo wauza redio hawalisemi. Redio ikinyamaza, pikapu inaanza kuongea yenyewe. Kumbe chini kushoto kuna kitu kinalia kwii kwii. Kumbe nyuma ya kiti kuna chuma kinagonga kingine kila nikikata kona, na gia ya tatu ina mguno wake. Vyote hivyo vilikuwepo, ila redio ilikuwa inavifunika. Mwendo wa nusu saa bila redio nikawa nimeshaorodhesha kichwani matengenezo ya mwaka mzima.

Nikaenda kwa fundi umeme wa magari. Siku hizi fundi wengi ni wa kubadilisha, si wa kutengeneza. Huyu hata hakuigusa. Alichungulia dirishani akasema, "Hiyo imekufa bosi, tuweke skrini." Akaniletea kitu kipana kama sinia. Sasa, tundu la redio la magari mengi ya zamani lina kipimo chake, milimita 180 kwa 50, na ndilo langu. Hiyo skrini inataka 180 kwa 100. Nikamuuliza zile milimita 50 za ziada zitakaa wapi. Akasema, "Tunakata dashibodi kidogo." Na msumeno wa chuma alikuwa nao mkononi tayari! Mtu anaanza kupasua kabla hujajibu kama unaumwa!

Na lile boksi la skrini limeandikwa kwa herufi za dhahabu: wati 50 mara 4. Nikaigeuza skrini nyuma, fyuzi yake ampea 10. Betri ya gari ni volti 12, injini ikinguruma inafika 14 na ushei. Ampea 10 kwa volti 14 ni wati 140, na hapo bado hujatoa taa ya kioo na joto linalopotea bure. Hizo 200 zinatoka wapi? Nikamuuliza fundi. Akaniambia ndivyo kampuni ilivyoandika. Nikawasha gari nikaondoka, maana msumeno alikuwa hajauweka chini.

Hapo ndipo akaingia shemeji yangu, ndugu wa mama watoto, mtaalamu wa kila kitu kisicho chake. "Shemeji, usihangaike. Mimi nina redio niliitoa kwenye gari langu kabla sijaliuza. Ni saizi yako, ina bluututhi, ina USB, na taa zinabadilika rangi." Mtu mzima nataka taarifa ya habari, ananiambia taa zinabadilika rangi. Lakini ni ya bure, na mama watoto ananitazama. Nikasema asante shemeji.

Kuitoa ile ya zamani ilikuwa vita. Skrubu zilitoka bila shida, ila pindo la plastiki linaloizunguka limekaa juani miaka yote hiyo, likiguswa tu linasema tak. Vishikizo vyote vimebaki ndani. Redio ilipotoka nikamulika tochi mle tunduni. Loo! Mwenye gari wa kwanza, au fundi wake, alikuwa amechukua umeme wa kila kitu kutoka kwenye redio. Waya wa honi umepandikizwa hapo. Waya wa taa za ukungu umepandikizwa hapo. Viungo vingine vimefungwa kwa plasta ya kidonda, ile ya hospitali, imeshageuka rangi ya chai. Na kuna waya mmoja mwekundu unatoka gizani na kurudi gizani, hauendi popote, lakini ukiukata taa za breki hazizimi. Tuliuunga tena na hakuna aliyeuzungumzia.

Redio ya shemeji ina nyaya zake, na utaratibu wake unajulikana. Njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, ndio unaotunza kumbukumbu. Nyekundu ni wa swichi ya gari, mweusi unakazwa kwenye chuma cha bodi ya gari. Kijana aliyeifunga akauweka wa njano kwenye swichi na mwekundu kwenye betri. Matokeo yake nikizima gari redio inasahau kila kitu. Stesheni zote hakuna. Kila asubuhi saa yake inasema 12:00, na sijui ni saa sita ya mchana au ya usiku. Juu ya hapo kuna filimbi: nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inashuka. Waya mweusi alikuwa ameukaza kwenye bati lenye rangi, na rangi haipitishi umeme, kwa hiyo umeme wa jenereta ya gari unapenya mpaka kwenye spika. Nikibadilisha gia naimbiwa. Mama watoto akauliza kama nimenunua birika.

Nikarudi, rangi ikakwanguliwa mpaka chuma kikaonekana, mweusi ukakazwa upya, njano na nyekundu zikabadilishana. Filimbi ikaisha. Na redio ikaanza kukumbuka, tena ikakumbuka vizuri kuliko nilivyotaka.

Maana ilikuwa inaikumbuka simu ya shemeji.

Shemeji alikuja kutembelea dada yake. Mimi niko ndani ya pikapu, madirisha wazi, nasikiliza habari. Akasimama pale mlangoni, hatua chache tu. Ghafla mtangazaji anakatwa, na yule mama wa bluututhi anatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuamsha mtaa, kwamba kifaa kimeunganishwa. Kabla sijajua kimeunganishwa na nini, simu ya shemeji ikaita, ikaitia ndani ya gari langu. Yeye akabonyeza, akaiweka sikioni. "Haloo? Haloo?" Hasikii kitu. Sisi wengine wote tunasikia.

"Ndugu yangu," spika zikasema, "uliniambia umesafiri. Mbona watu wanakuona?"

"Haloo?" anasema shemeji, anaipiga simu kofi.

"Miezi inakatika. Kila nikipiga uko safarini. Hiyo safari ina mwisho?"

Nataka kuzima, sioni cha kuzimia! Redio ya kiwandani ningezungusha kushoto mara moja, mambo yamekwisha, heshima ya mtu imebaki. Hii unatakiwa ubonyeze kitufe chenye alama ya kutoa, ukishikilie, isome 29, isome 28, isome 27, taa zenyewe zinabadilika kutoka bluu kwenda zambarau. Ilipofika kumi na kitu mdai alikuwa ameshataja kiasi chote, na riba, na majina ya wadhamini. Mama watoto katoka nje na mwiko mkononi. Majirani walikuwa wanafagia sehemu ambazo zilikuwa safi.

Shemeji hakunywa hata chai.

Kesho yake nikaibeba redio yangu ya kiwandani mpaka kwa fundi redio wa kweli, mzee mmoja wa miwani iliyofungwa kwa uzi, anayekaa katikati ya redio zilizofumuliwa. Hakusema imekufa. Alifungua kifuniko, akashusha lenzi, akaniita nichungulie. Pale plagi ya umeme inapoingia kwenye kibao cha saketi, kila mguu una kidoti cha lehemu, na kidoti kimoja kilikuwa na ufa mwembamba sana, umeuzunguka mguu duara kamili. Ukiutikisa unaachia, ukiutikisa tena unashika. Hayo ndiyo yalikuwa matuta yangu. Akayeyusha lehemu ya zamani, akaweka mpya, moshi ukapanda. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa, akazing'oa akaweka nyingine. Kitufe cha sauti akakipulizia dawa ya kusafishia, akakizungusha huku na huku mpaka mkwaruzo ukaisha. Kaseti akaitoa kwa kibano. Mkanda wa mpira unaozungusha mashine ulikuwa umeyeyuka, umebaki ute mweusi uliomganda vidoleni. Akasema anaweza kutafuta mkanda mwingine. Nikamwambia mzee wangu, hapo umefika, tusichokoze.

Sasa inaongea. Bado inaishia 90, bado ina ekspanda, bado abiria wananiambia inadanganya. Gia ya tatu siisikii tena. Redio ya shemeji nimeifunga kwenye gazeti, iko chini ya kiti. Jana nimempigia aje aichukue, akaniambia yuko safarini.