Shangazi, Wamenifuata Wenyewe

Mama alinituma kwa Shangazi, Kibokoni, na vitu viwili: papa mkavu aliyezongwa gazeti ndani ya kikapu, na mwavuli mwekundu ambao Shangazi aliusahau kwetu Likoni tangu Idi. Harufu ya papa wa Mama hutangulia kufika. Kwenye feri, watu wamebanana kila siku hadi pumzi unavuta kwa zamu, lakini asubuhi ile mimi nilipata nafasi ya kunyoosha mikono yote miwili. Mwanamke mmoja alimhamishia mtoto wake upande wa pili bila hata kuniangalia usoni.

Tuktuk ikanishusha Ngomeni, pale mbele ya Fort Jesus. Saa tano ile jua la Mombasa halina adabu na mtu. Nikaufungua mwavuli wa Shangazi, nikauinua juu, nikaanza safari.

Karibu na lango palikuwa na kundi la Wataliano waliotoka Malindi kwa gari, wamejikunyata kwenye kivuli wanajipepea kwa kofia. Wataliano na Malindi ni habari ya miaka mingi, na mtu wa pwani hakosi maneno mawili matatu ya lugha yao. Bibi mmoja aliuangalia mwavuli, akaniangalia mimi, akasema, "Andiamo?" Yaani, twende?

Sasa mtu mzima akikusemesha utanyamaza? Nikamjibu kwa heshima zote, "Andiamo, andiamo," nikapita zangu.

Kumbe mwongozaji wao yuko dirishani anakata tiketi. Kumbe alama aliyowapa tangu Malindi ni mwavuli mwekundu, na wa kwake ameuegemeza ukutani apate kuhesabu pesa vizuri. Hayo yote niliyajua baadaye, tena kwa kupigiwa kelele.

Nilienda na njia ya Mbarak Hinawy bila wasiwasi. Nilipofika Msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara mweupe, nikasimama kubadilisha kikapu mkono. Nyuma yangu vishindo vya viatu vikasimama pia. Nikageuka. Wataliano kumi na mmoja, kamera shingoni, wananitazama kwa hamu. Nyuma ya Wataliano, paka wa Mji wa Kale, ambao sikuwahesabu, nao wanakitazama kikapu kwa hamu zaidi.

"Moschea?" yule bibi akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. "Old?"

Hapo ndipo ningesema mimi napita tu, naenda kwa shangazi yangu. Lakini mtu wa Mombasa akiulizwa habari za Mombasa, kukiri kuwa hajui ni aibu ya ukoo mzima. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kuwa msikiti huu ni mkongwe sana, una miaka mia moja hivi, au mia na hamsini.

"Miaka mingapi?"

Hakuwa Mtaliano aliyeuliza. Sauti ilitoka barazani, walipokaa wazee na kahawa yao. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito aliweka kikombe chini. "Msikiti wa 1570 huu, we mwana! Wareno hata jiwe la kwanza la ngome yao hawajaliweka. Ngome wameianza 1593. Nani kakupa kazi hii?"

"Mzee, sikupewa kazi mimi, nina..."

"Basi tafsiri."

Mzee akaanza. Alianza na Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Mvita, ambaye baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, wakamchukua yeye hadi Goa, wakambatiza wakamwita Dom Jerónimo, wakamrudisha kuja kutawala wakidhani wamepata mtu wao. Akafika 1631, siku ambayo Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, ngome ikawa yake. Mzee alikuwa anaonyesha kwa fimbo kapteni alikosimama. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe asikilize. Halafu Mzee akaninyoshea kidole: "Haya, waambie."

"He says there was fighting," nikasema.

Mzee akanitazama kwa muda. "Yote yale umeyamaliza hapo?"

Mtaliano mmoja mnene, suruali nyeupe ya kitani, akauliza ngome hiyo nani aliichora. Hilo Mzee alilielewa bila mkalimani. "Mwambie kaichora Mtaliano mwenziwe. Cairati. Wa Milano." Nilipotamka tu Cairati na Milano, yule bwana alipiga ukelele, maana na yeye ni wa Milano. Alimkumbatia Mzee, alimkumbatia muuza kahawa, akataka kunikumbatia na mimi, akafika karibu na kikapu, akaahirisha.

"Harufu gani?" bibi akauliza kwa upole.

"Spezie," nikamjibu. Viungo.

Nikaaga. Walipokea mkono wangu, wakanishukuru, nilipoondoka wakaondoka. Nikakaza mwendo, wakakaza. Nikakata kwenye kichochoro chembamba kile ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja aingie mlangoni kwa jirani. Wao ndio wakafurahi, wakapita mmoja mmoja wakipiga picha milango ya nakshi, roshani za mbao, na nguo za watu kambani. Kila dirisha lilifunguka. "Hawa ni akina nani?" "Wageni wa fulani!" Nikafunga mwavuli, nikaukwapia. Wapi! Uso wangu walishauzoea.

Kwa Shangazi wiki ile palikuwa na shughuli, binamu yangu anaolewa. Uani wamejaa kina mama: wa kukanda mahamri, wa kuchagua mchele, wa kukuna nazi.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Umeuleta mwavu... Na hawa?"

"Shangazi, wamenifuata wenyewe."

"Wamekufuata wewe? Una nini wewe cha kufuatwa?" Lakini Shangazi hajazaliwa mgeni wa kumrudisha mlangoni kwake. Kina mama wakajitanda mabuibui haraka haraka, jagi la maji ya ukwaju likatoka, sinia la mahamri likatoka. Karibuni, kaeni, kaeni!

Viti havikutosha. Yule bwana wa Milano akatazama huku na huku, akaona kigoda kimoja cha chini hakina mtu. Ilikuwa mbuzi ya nazi, mkunaji ameinuka kwenda kuosha mikono. Anayeijua mbuzi huipanda ubao, ule ulimi wa chuma wenye meno ukabaki mbele yake. Yeye alishuka na mwili wake wote kwenye ulimi.

Aliruka kabla hajakaa sawasawa, na hiyo ndiyo salama yake, kwani mwili haukuguswa. Kitani nacho kilipasuka kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti, kwa sauti iliyosikika jikoni. Pakawa kimya. Halafu bi harusi mtarajiwa, ambaye alitakiwa awe amefungiwa ndani asionekane, akacheka akiwa chumbani, na uani pote pakalipuka. Bwana mwenyewe alicheka hadi machozi. Shangazi akamrushia kikoi cha marehemu mjomba, akamwonyesha kwa ishara jinsi ya kukifunga, akaitwaa suruali akaitia uzi.

Mwongozaji alifika hapo amelowa jasho, mwavuli wake mwekundu mkononi. Hakupata tabu kutufuata; mtaa mzima ulimwelekeza. Akamkuta mgeni wake amevaa kikoi, anachovya hamri kwenye mbaazi za nazi.

"Leseni yako iko wapi?" akanifokea.

"Leseni ya nini?"

"Ya kuongoza watalii!"

"Mimi nimeleta papa."

Alitaka kuendelea, Shangazi akamwambia humu ndani mwake hapagombwi kabla ya kula, akae. Akakaa, mbali na mbuzi. Baada ya hamri ya tatu akapoa, akaanza kuulizia mbaazi zimepikwaje. Wageni walitaka kubaki hadi kazi ya nazi iishe; yule bibi alishashika kifuu na anakuna, mwendo wake si haba.

Walipoondoka ndipo Shangazi alipokivuta kikapu. Mlikuwa na gazeti. Ukutani paka mmoja alikuwa anajilamba taratibu, hana presha.

"Umeniletea Wataliano kumi na mmoja," Shangazi akasema, "papa hukuniletea."

Mwongozaji alinipigia simu wiki kadhaa baadaye. Amepata kundi jingine, na safari hii wameambiwa na wenzao huko kwao: Fort Jesus wataiona, sawa, lakini ile nyumba ya mbuzi iko mtaa gani? Nikampelekea Shangazi ujumbe. Akajibu anawakaribisha wote, ila kila mmoja aje na papa wake.