Jeni zinazoruka: kupe au wajenzi?

Mwezi wa sita tulikuwa barazani kwa shangazi, Newala, tunapukuchua mahindi ya kienyeji. Gunzi moja lilikuwa na punje nyeupe, chache za zambarau tupu, na mbili nyeupe zenye vidoa vya zambarau, kama mtu kazirushia wino. "Yamechanganyika na ya jirani," akasema. Kwa zile za zambarau tupu hakukosea: chavua husafiri na upepo, na rangi ya punje hufuata upande wa baba pia. Vidoa ni habari nyingine.

Vidoa vya namna hiyo ndivyo vilivyompa kazi Barbara McClintock, mtafiti wa mahindi wa Marekani, miaka ya 1940. Aligundua kuwa vipo vipande vya vinasaba vinavyohama, ndizo jeni zinazoruka. Kipande kikitua ndani ya jeni ya rangi, yaani sehemu ya vinasaba inayoamua rangi, jeni inazimika na punje inabaki nyeupe. Kikichomoka katika seli moja wakati punje bado inakua, seli hiyo na uzao wake wote hupata rangi tena. Kikichomoka mapema, doa huwa kubwa. Kikichelewa, unaona nukta tu. Wenzake wengi hawakumwelewa, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983.

Ubishi uliopo ni huu: vipande hivi vina kazi gani? Mwaka 1980 wanasayansi Doolittle na Sapienza, na pia Orgel na Crick, walijibu kwamba si lazima viwe na kazi yoyote. Vinajinakili, basi vinadumu. Ni kupe. Hoja hiyo ina uzito. Jenomu ya mahindi, yaani vinasaba vyake vyote, iliposomwa mwaka 2009, takriban asilimia 85 yake ilionekana kuwa vipande hivi, wakati Utricularia gibba, mmea wa majini unaonasa vijidudu, unavyo vichache sana na unastawi. Mimea yenyewe huvifunga kwa alama za kemikali visiruke. Kwenye michikichi iliyozalishwa kwa chupa za maabara, alama hizo zilipofutika kwenye kipande kimoja kiitwacho Karma, matunda yalilemaa na mafuta yakapungua sana.

Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mahindi yalimpa. Babu wa mahindi, nyasi pori wa Mexico aitwaye teosinte, ana matawi mengi kama kichaka. Kipande kiitwacho Hopscotch kilitua karibu na jeni inayozuia matawi, kikaichochea, na bua likasimama peke yake. Kilikuwamo tayari kwenye teosinte kabla mkulima hajaanza kuchagua mbegu. Mkulima alikikuta, akakipenda.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema mmea huamsha jeni hizi wakati wa shida ili ujirekebishe. Joto kali huamsha baadhi, hilo ni kweli. Ila kuamka si kusaidia: kuruka hovyo huvunja zaidi ya kunavyojenga, nasi tunahesabu waliofika, hatuwahesabu waliozama njiani. Kwangu mimi asili ya jeni hizi ni ukupe. Faida ilikuja baadaye, kwa mchujo mrefu. Tusitegemee mbegu zetu zijitengeneze zenyewe ukame ukizidi. Tuhifadhi aina nyingi, ili mchujo uwe na cha kuchagua.

Kwetu Kusini jambo hili linaigusa mikorosho. Mche wa kubebesha ni nakala ya tawi ulikotoka, na mruko ukitokea kwenye chipukizi moja, huenda na kila kikonyo kitakachokatwa hapo. Zabibu nyeupe zilipata weupe wake kwa sehemu kutokana na kipande kilichorukia jeni ya rangi, kisha watu wakaendelea kupanda vipandikizi. Kwa hiyo anayekata vikonyo asitosheke na sifa za mti mzima. Alitazame tawi lenyewe: maua yake, korosho zake, na linavyostahimili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, msimu baada ya msimu.