Kimya cha Kaunti Kisigeuzwe Kibali

Mama mboga wa kona yetu hapa Kilimani, Nairobi, ndiye aliyenionyesha tangazo. Karatasi moja ndani ya nailoni, imefungwa kwa waya kwenye geti la ploti ya jirani, mvua imeingia na wino umechuruzika. Kiingereza kitupu, cha mawakili. Nyumba ya familia moja inaombewa ruhusa ya kugeuzwa apatimenti za ghorofa 16, na mwenye pingamizi aandike ndani ya siku 14. Zaidi ya nusu ya siku hizo zilikuwa zimeshapita.

Nimekasirika, na hasira yangu haimwishii mjenzi. Inafika kwenye sheria yenyewe.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, kifungu cha 58, inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ahesabiwe amekubaliwa. Yaani faili ikipotea, ikilala chini ya nyingine, afisa akienda likizo, ghorofa zimeruhusiwa. Hakuna aliyepima kama bomba la majitaka lililolazwa enzi za nyumba zenye bustani litabeba vyoo vya familia mia moja. Hakuna aliyeuliza gari la zimamoto litapita wapi. Nasi wakazi siku zetu 14 zikiisha bila kuandika, tunahesabiwa hatuna neno. Kimya cha ofisi na kimya chetu vyote vinamfaa mtu mmoja, mwenye tingatinga.

Sawa, kuwawekea maafisa muda ni haki. Tunajua mafaili yalivyokuwa yakikaliwa mpaka mtu atoe kitu kidogo. Lakini kwa nini uzembe wa ofisi alipie jirani ambaye hata hakujua kuna ombi? Siku 60 zikipita bila jibu, faili ipelekwe moja kwa moja mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, ambayo tayari ipo kisheria, na wakazi waitwe wasikike kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mjenzi atapata uamuzi wake, nasi tutajua nani aliutoa na kwa sababu gani.

Nairobi inahitaji nyumba, hilo sibishi. Maji na mitaro vitangulie tu.

Na tangazo liandikwe Kiswahili pia, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Katiba, kifungu cha 7, inakitambua kuwa lugha rasmi, na mama mboga atakayehamishwa na ujenzi huo ana haki ya kusoma kinachomhusu.

Ukiona karatasi kama hiyo mtaani kwako, ipige picha siku hiyohiyo, uwaonyeshe majirani. Andikeni pingamizi mkitaja nambari ya ploti, mlipeleke kaunti wenyewe, na msiondoke kaunta kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wenye tarehe.