Neli ya Geiger au silikoni: kipi kipime mionzi kwenye setilaiti ndogo?

Timu inayounda setilaiti ndogo ya kupima mionzi ya anga, kwenye kimo cha kilomita 400 hadi 600, hulazimika kuamua mapema: ibebe neli ya Geiger (bomba la gesi linalohesabu chembe za mionzi) au daiodi ya silikoni (kipande cha nusu-kipitishi kinachotoa chaji ya umeme kikipitwa na chembe)?

Neli ina watetezi wenye hoja. Kila chembe inayoipita hutoa mpigo mkubwa wa umeme, hivyo saketi yake ni rahisi na data yake ni namba tu. Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, iliibeba mwaka 1958, na kwayo mikanda ya Van Allen, yaani maeneo ya chembe za mionzi yanayoizunguka Dunia, ikagunduliwa. Wapinzani hukumbusha kwamba kwenye mionzi mikali kabisa hesabu ilishuka hadi sifuri, maana neli ilizidiwa. Baada ya kila mpigo neli hupofuka kwa muda mfupi. Upofu ukiwa mikrosekunde 100, mipigo 5,000 iliyosomwa kwa sekunde ina maana ya chembe 10,000 halisi, kwa kuwa nusu ya sekunde nzima neli haikuona kitu. Tunaona hoja hii hutiwa chumvi: Explorer 1 ilipanda zaidi ya kilomita 2,500, na kwenye kilomita 500 mionzi ni haba zaidi.

Kasoro mbili nyingine ndizo nzito. Neli nyingi zinataka volti 400 hivi, ilhali hewa iliyopungua inaweza kupitisha cheche kuanzia volti 330 hivi. Ukiiwasha kabla gesi iliyonaswa ndani ya setilaiti haijatoka, unaweza kuunguza saketi. Funika viungo vyote kwa utomvu wa kuhami, kisha subiri siku kadhaa baada ya kurushwa. Kasoro ya pili haina dawa: neli huhesabu chembe bila kujua kila moja imeacha nishati kiasi gani, na pasipo nishati hakuna dozi, yaani kiasi cha nishati ya mionzi kinachofyonzwa.

Silikoni inajibu swali hilo. Kila eV 3.6 (elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati) zinazoachwa ndani yake huzaa jozi moja ya chaji, basi ukubwa wa mpigo ndio kipimo chenyewe. Gharama yake ni usumbufu: chembe yenye kasi kubwa ikipita kwenye unene wa mikromita 300 huacha elektroni 22,000 hivi tu, na kelele ya kibadilisha volti kilicho jirani huweza kuzimeza. Mwanga wa jua nao huingia kama mionzi, na joto huongeza mkondo unaovuja. Kasha lisilopitisha mwanga na kipimajoto kando ya daiodi ni vya lazima.

Hata hivyo tunachagua silikoni. Ila lolote utakalochagua, andika unene wa ukuta unaokifunika kipimio: milimita 2 za alumini huzuia elektroni za chini ya MeV 1 (eV milioni moja) hivi na protoni za chini ya MeV 20 hivi. Angalia na mzingo. Setilaiti ya Uhuru ya kuchunguza eksirei za anga, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilizunguka karibu na ikweta ili kuepuka sehemu kubwa ya Dosari ya Atlantiki Kusini, ambako mkanda wa ndani hushuka karibu zaidi na Dunia. Kwa darubini ya eksirei huo ulikuwa mzingo mwafaka. Kwa kipima mionzi, ni kukwepa pale hasa panapotakiwa kupimwa.