Mji wa ushirika, kahawa nakunywa peke yangu

Hivi jamani mtu mzima anapata wapi rafiki? Nauliza kwa wema kabisa, kama kuna duka nielekezwe, maana tangu kazi inihamishie Moshi nikitokea Tanga, wanaojua jina langu lote ni bosi, mwenye nyumba na yule kijana anayepita kusoma mita ya maji, na huyo wa maji nahisi ananijua kwa sababu ya deni.

Msiniambie habari ya wafanyakazi wenzangu. Watu wazuri, tunacheka vizuri tu, lakini ikigonga saa kumi na moja kila mtu anatafuta ufunguo wake. Ukiona mwenzako wa ofisini kakupigia Jumamosi usijichekeshe, anataka kujua lile faili uliliweka kabati gani. Wikiendi yenyewe nusu yao wamepanda kwao mlimani, huyu Kibosho, huyu Machame, mwingine Marangu, kila mtu ana kihamba chake, lile shamba la ukoo la migomba, na mama yake na mkungu wake wa ndizi unaomsubiri. Mimi nipande niende wapi? Nikipanda sana nafika geti la hifadhi naambiwa nilipe kiingilio.

Na kinachoniuma, huu ndio mji wa ushirika! Wakulima wa kahawa wa huku waliungana wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, mkoloni yupo anaangalia. Mpaka leo kuna Chuo Kikuu cha Ushirika hapa hapa, kilianza 1963 kikiwa chuo tu, sasa hivi kinatoa digrii, yaani watu wanakaa darasani miaka mitatu wanafundishwa kuwa pamoja halafu wanavalishwa joho. Mimi naomba mtu mmoja wa kunywa naye kahawa, joho sitaki.

Nikashauriwa, ingia joging klabu, huko ndiko watu waliko. Sawa. Sasa Moshi joging sio mchezo kwa sababu ya Kilimanjaro Marathoni, ipo tangu 2003, kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za sisi tuliokuja kupiga picha. Niliwaeleza vizuri kwamba mimi ni mtu wa zile 5. Wakaitikia ndiyo kaka karibu sana, kumbe kundi lenyewe ni la 21, saa kumi na mbili asubuhi tunapandisha barabara ya Mweka, na ile barabara haina huruma, inapanda tu na ikikuonea huruma inapanda zaidi. Mtu nimtafute urafiki saa ngapi wakati hata jina langu siwezi kulitamka? Tukishuka nikasema angalau kwenye supu tutaongea. Hata chapati haijaja, anasimama mweka hazina na daftari: fulana elfu thelathini, ada ya mwezi, maji, halafu kuna mfuko wa kufa na kuzikana. Jamani nimekuja kukimbia mnaniuliza mrithi!

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba nchi hii huwezi kukaa na watu watatu bila mmoja kuwa mweka hazina. Jumuiya ina mweka hazina. Vikoba ndio usiseme, pale kuna mwenyekiti, katibu na wenye funguo za sanduku, ukichelewa kikao faini, ukiongea bila ruhusa faini. Nyumbani Tanga mtu anatoka tu anakaa barazani, muuza kahawa anapita, wanakusanyika wanasema watu mpaka adhana. Hakuna ajenda wala mtu kuandika mahudhurio.

Halafu kuna haya magrupu ya harusi. Niko kwenye grupu la send-off ya binti ambaye hata picha yake sijawahi kuiona, aliyeniunga ni shemeji wa mtu niliyekaa naye kwenye daladala ya Majengo, tukabadilishana namba nikafurahi nikajua nimepata mtu. Kesho yake naambiwa kadi single elfu hamsini, double laki, ndugu tuwekee double? Double na nani sasa! Ningekuwa na mtu wa kwenda naye double ningekuwa nimekaa na wewe kwenye hili grupu?

Kuna na tatizo la umri ambalo halisemwi. Mtu wa arobaini kasoro yuko katikati, vijana wa jimu wananiamkia shikamoo, na mtu aliyekuamkia shikamoo hawezi tena kukwambia amegombana na mpenzi wake, imeisha hiyo, wewe ni baba mdogo. Ukienda kwa wazee unaamkia wewe, ukishaamkia unatumwa maji. Wa rika langu ndio hao wako Kibosho.

Kidogo nafuu kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Siku ile lilipoingia goli jamaa mmoja jasho tupu alinikumbatia akaninyanyua, akaniita ndugu yangu wa damu, nikasema ndiyo huyu. Keshokutwa nimekutana naye stendi nampungia mkono, ananiangalia kama namdai. Yanga ipo toka 1935, Simba 1936, watu wamerithishana ushabiki mpaka kwa vitukuu, mimi udugu wangu haukuvuka dakika za nyongeza.

Basi nikaacha kutafuta. Jioni nikawa napita kwenye ule mti karibu na fundi viatu, kuna drafti, kete vifuniko vya soda, ukivusha kete mpaka mwisho wa ubao inakuwa kingi. Kuna mzee mmoja pale, mvi zimeshajaa, siku ya kwanza nikamwambia shikamoo akasema achana na hayo, kaa hapo ufungwe. Nikakaa nikafungwa. Kesho nikarudi. Hakuna alichoniuliza, sio kazi, sio kabila, sio nimeoa au vipi. Anatukana vizuri sana yule mzee, ukihamisha kete kijinga anakuuliza kama nyumbani wanakuachia funguo. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita Mtanga, tumekwenda hivyo mvua zikanyesha zikakata.

Juzi kati nikapita hayupo. Siku ya pili hayupo. Namuuliza fundi viatu, ananiambia si amefiwa na mama yake, bibi ameondoka na miaka yake tisini na kitu, wanazika kesho Kibosho, mbona watu wote wanajua, kuna grupu.

Kuna grupu! Nilikasirika mimi, we acha tu. Binti nisiyemjua wananiandama na double, huyu nakaa naye kila jioni ananila kete, msiba wa mama yake hakuna wa kuniomba hata elfu tano? Nani admin wa hilo grupu? Tena mzee mwenyewe jina lake nimelijulia siku hiyo, kwa fundi viatu, na namba yake nilikuwa sina.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikapanda boda mpaka juu kabisa kwenye migomba. Nafika, mlangoni kuna kijana na daftari la rambirambi limepigwa mistari vizuri: familia, ukoo, majirani, kanisani, kazini. Natoa hela yangu, ananiuliza nikuandike upande gani? Naangalia ile mistari yote sioni pangu. Nikamwambia andika drafti. Kijana anaangalia daftari, ananiangalia mimi, anageuka anaita ndani, jamani kuna mtu wa drafti huku!

Akatoka dada mmoja na kanga kiunoni, macho mekundu ya kulia, alivyoniona tu akasema, "Aaa, si ndiye Mtanga! Baba kila akirudi jioni anatuambia, leo nimemfunga tena Mtanga wangu, hata kingi hakuipata."

Nikamwambia pole sana dada kwa msiba, Mungu amlaze bibi mahali pema, lakini hiyo ya kingi sio kweli. Na sitaki kubishana na wafiwa, ila siku ile ya mvua nilipata kingi mbili na nikamfunga mbele za watu, fundi viatu alikuwepo, muulizeni.