Hapana, sijahamia Brazza

Kabla hamjaendelea kuniuliza: sijahamia Brazza (Brazzaville, mji mkuu wa ile Congo nyingine, ng'ambo ya mto), sina mke wa pili Brazza, na hakuna aliyenifukuza. Fundi mwenzangu, niliyemchukua anibebee mfuko tu, tangu juzi anasambaza habari yake kwenye kundi la WhatsApp, na habari yake ina polisi. Polisi hawakuwepo. Aibu ilitosha.

Kazi yangu mnaijua: ovaroli, cherehani nne, Katuba, hapa Lubumbashi, Congo ya Kinshasa. Nilipotaka saiti, kijana aliyenitengenezea akaniuliza mkia wa jina uwe upi. Wenye .com walishaniwahi. Akanionyesha .cd. Nikamwambia, we kijana, mimi nashona, unataka watu wadhani nauza CD za muziki? (Msicheke bado, wekeni akiba.) Chini yake nikaona .cg. Congo hiyo, si inasomeka yenyewe? Nikasema ndiyo yetu, lipia. Kijana akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga, akalipia.

Mimi nikaidarizi. Mgongoni, uzi wa njano juu ya kitambaa cha buluu, ovaroli 60, kabla hata sijaambiwa nimepata kazi. Nilitaka waone nina mbio.

Basi juzi niko mbele ya wanunuzi wa kampuni moja ya migodi. Chumba baridi kama machinjio. Nikatandaza ovaroli juu ya meza, mgongo juu, nikailainisha kwa mikono miwili kama shuka la mgeni. Mama wa manunuzi akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya jina langu, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kidole kinatembea juu ya uzi. Nikatabasamu. Kidole kikafika kwenye nukta. "Se..." Kikasimama. "Je." Kikarudi nyuma. "Se. Je." Akavua miwani.

"Papa, wewe ni wa Brazza?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kufungulia mazungumzo! Hakuna mwingine aliyecheka. Akaniambia polepole kwamba sheria ya mwaka 2017 inawawekea Wakongomani kazi hizi za ukandarasi mdogo, Wakongomani wa huku, papa. Nikajibu, na hili fundi mwenzangu hakulitia chumvi, nililisema kweli: "Mama, Congo si ni Congo?"

Kimya. Kiyoyozi tu ndicho kilichoendelea na kazi.

Nikachomoa kadi yangu ya uchaguzi. Ikatoka pamoja na futi ya kupimia, futi ikajikunjua mpaka kwenye kiatu cha mkurugenzi. Kijana wa kompyuta pale pembeni akanionea huruma, akaeleza: zamani tulikuwa na .zr, ya Zaire. Mwaka 1997 nchi ilipobadilisha jina, tukapewa .cd, Congo na Demokrasia yake, maana .cg ni ya wenzetu ng'ambo ya mto. Ni kama simu, akasema, wao 242, sisi 243. Mbona hukuchukua .cd?

Ningenyamaza. Lakini nikasema ya CD za muziki.

"Papa," akaniuliza kwa upole kabisa, "nani bado ananunua CD?"

Hapo ndipo meza nzima ilipoangua kicheko, na mwenzangu na mfuko wangu akatoka nje kwenda kulia machozi.

Mengine ni mafupi. Oda wamenipa, nusu. Domeni ya .cd nimelipia. Nilijaribu kufumua, lakini matundu ya sindano yanabaki, ukisimama juani bado unasoma. Nikaamua kukata mkia wa g na kuiinulia shingo iwe d. Ya kwanza imetoka kama bata aliyekaa. Zimebaki 59.

Wale mnaopita dukani mkinisalimia "mbote", kwa Kilingala kama mtu wa Brazza, nawasikia.

Ila kuna moja fundi mwenzangu haijui. Jana usiku saiti imepata mteja wa kwanza tangu izaliwe. Anataka ovaroli 20, anauliza bei kwa CFA, faranga za kule Brazza, na kama duka langu liko Poto-Poto au Bacongo, mitaa ya huko huko.

Sijamjibu. Natafuta kwanza nauli ya mfuko mmoja kutoka Katuba.