Ya Nani Hayo?

Kazi yetu kule Muheza ilikuwa ndogo tu: kumtoboa mtu kidole, kudondoshea matone ya damu kwenye karatasi, tukapime vimelea vya malaria. Lakini uvumi ulikuwa umetutangulia. Gari likisimama tu, akina mama wanaita watoto ndani: "Mumiani hao!" Tangu enzi za mkoloni watu wamesimuliana habari za mumiani, wanyonya damu za watu; Nairobi walishukiwa hadi wazimamoto. Sasa zamu yetu, wenye deli jeupe la barafu.

Bosi hakutaka mkutano wala kipaza sauti. "Kaeni kijiweni, mnywe kahawa, muwasikilize." Nikasikiliza mpaka kahawa ikanitetemesha mikono. Ndipo bibi mmoja muuza kashata akaniuliza:

"Mwanangu, damu si umesema mnaikaushia kwenye karatasi? Barafu ya nini?"

Hata kwenye usaili wa kazi sikuulizwa swali kama hilo! Na jibu ninalo: damu ikishakauka haidai barafu, inawekwa kwenye mfuko wenye vipakiti vya kunyonya unyevu, basi. Deli ni la maji yetu ya kunywa.

"Sogeeni muone wenyewe," nikasema, nikafunua mfuniko kwa madaha, macho yangu kwao.

Mzee wa bao akadondosha kikombe. Nikainama. Maini, pande zima, yanaelea kwenye maji mekundu.

"Ya nani hayo?" Bibi akauliza, sauti imemkauka.

"Ya dereva."

Kijiwe kikabaki na mabenchi na mimi. Kandambili zilizoachwa ungefungulia duka.

Dereva mwenyewe alikuwa kalala kiti cha nyuma. Zile kelele zikamwamsha, akashuka anapiga miayo. Bibi, ambaye hakukimbia (kashata zake angemwachia nani?), akamwendea moja kwa moja akampapasa ubavu, kulia na kushoto.

"Yamo," akatangaza.

Mwenye bucha naye akafika mbio, kisu mkononi, jambo ambalo halikunisaidia. "Maini yangu hayo! Ya ng'ombe wa asubuhi, na hela hajamaliza!"

Mimi nilieleza siku nzima nisiaminiwe. Mwenye bucha kasema neno moja, watu wakarudi kufuata kandambili zao. Bibi akawa wa kwanza kutoa kidole.

Wiki iliyofuata uvumi ulikuwa mwingine: wale watafiti hawana neno, ila dereva wao msimkopeshe.